Sakafu Niliyomwekea Mama Mkwe

Aibu nyingine mtu unaweza kugawana na wenzako, mkaibeba wote ikawa nyepesi, lakini hii ni yangu peke yangu, na kila nikitaka kuieleza huanza kwa kujikuna kichwa kwanza, maana Majengo nzima iliiona kwa macho, mchana kweupe, siku ya soko, na aliyekuwa amekaa katikati ya tope ni mama mkwe wangu. (Ndiyo, mkwe, mzazi wa mke wangu. Chekeni kabisa mmalize, nitangoja.)

Wakati huo bendera ya pale Boma bado ilikuwa ya Mwingereza, na mimi nilikuwa kijana, fundi cherehani, nashona barazani kwenye duka moja la Majengo hapo Sumbawanga, na kwa kushona najisifu mpaka leo, hilo sitaliacha. Mke wangu Leokadia alikuwa binti wa kijiji cha Kate. Tulifunga ndoa kanisani, tukapanga vyumba viwili vya nyuma kwa Bi Zena, mjane wa Kiislamu ambaye marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori. Uani kulikuwa na bafu letu la pamoja, ukuta wa matofali ya kuchoma unaopita kichwa cha mtu kidogo, juu wazi, mlango wa bati, na chini, jamani, vigae! Vigae vyekundu vya udongo wa kuchoma, marehemu alivileta mwenyewe kwenye lori lake kutoka kwenye tanuri la misheni, akavipanga kwa mkono wake. Jirani zetu waliogea juu ya mawe, sisi tunaogea juu ya vigae, utadhani tuko kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa Boma.

Sasa vigae vya pale mlangoni vikalegea. Leokadia, mimba imeshakuwa kubwa, akakanyaga kimoja kikacheza chini ya mguu, akateleza, akawahi kujishika ukutani. Hakuanguka. Lakini siku ile mkono haukumtoka tumboni mpaka jioni, na alipokwenda kwao Kate kujifungua (kwetu mimba ya kwanza binti anakwenda kwa mama yake, hilo halina mjadala) alikwenda na ile hofu, na akamsimulia mama yake.

Mtoto akazaliwa masika. Habari niliipata kwa dereva wa lori la mwisho kabla barabara haijakatika: ni msichana, anaitwa Sesilia, mama yake mzima. Basi, hayo tu. Baada ya hapo mvua ikashuka kama mnavyoijua mvua ya Ufipa, magari yakazama kwenye matope, na mimi nikabaki na jina. Sesilia. Nilikuwa nalitamka nikikanyaga cherehani. Nikishamaliza kazi za watu nachukua mabaki ya vitambaa namshonea kigauni, nakiweka mezani nakitazama, nasema hapana, huyu atakuwa ameshakua, nashona kingine kikubwa kidogo, siku zinapita, nakiona nacho kidogo. Nilikuwa nashona nguo za mtu ambaye sijui hata kichwa chake kina ukubwa gani! Na usiniulize habari ya Leokadia. Upepo wa kule juu ukianza kupiga jioni nilisonga ugali wangu wa ulezi, nikakaa nao, nikajikuta namwambia mambo ya siku ile, nani alileta suruali ipunguzwe na nani hakuja kuchukua nguo yake, halafu nakumbuka kwamba hayupo. Nilimtamani mke wangu mpaka nikawa namwonea wivu yule dereva kwa kuwa tu alimwona.

Mvua zikaisha, barabara ikakauka, dereva akaja na ujumbe. Leokadia anakuja siku ya soko inayofuata, analeta mtoto. Nikaruka. Dereva akaniinulia mkono, akasema, "Ngoja, Paskali, sijamaliza. Mkweo anakuja nao. Anasema kwanza aone kwa macho yake mahali mjukuu wake atakapoogeshewa. Pakimridhisha, atakuachia watu wako. Pakiwa vile vile anarudi nao Kate mpaka mtoto atembee."

Mpaka mtoto atembee! Nikakimbia kwa fundi mwashi, nikaambiwa yuko Chala anajenga duka la mtu, anarudi baada ya siku chache, labda wiki hii, labda ile. Nikamweleza Bi Zena.

"Mngoje fundi, mwanangu," akasema. "Mkweo akija nitamweleza mimi mwenyewe kwamba fundi yuko njiani. Sisi wanawake tunaelewana."

Nilipaswa kumsikiliza. Kosa langu ndilo hilo moja tu, kukataa kungoja, hayo mengine yote ni watoto wake na wajukuu. Lakini mimi nikajiambia, ah, Paskali, wewe mwana wa mkulima wa ulezi ushindwe na sakafu? Maana, kwa msiojua, ulezi ni punje ndogo kama mchanga, haupurwi popote, unatengenezewa uwanja wake, na sisi tangu wadogo tuliutengeneza na baba: unachimbua, unamwaga udongo wa kichuguu, unaulowesha, unaukandamiza na ubao, unasiriba na mavi ya ng'ombe mpaka unang'aa, na pembeni unainua ukingo mdogo pande zote ili punje isitoroke. Baba alikuwa akisema uwanja mzuri ni ule ambao punje ukiiweka inakaa. Uwanja wetu ulisifiwa na watu. Na saruji yenyewe madukani haikuwapo, mvua ilikuwa imezuia magari. Mambo yote yakanielekeza huko huko.

Bi Zena akakubali kwa shingo upande. "Ila usinivunjie vigae," akasema. "Nilivyobakiwa navyo vya marehemu ni hivyo."

Nikaanza na vile vilivyolegea tu, Mungu shahidi yangu. Nikavitoa, nikaweka udongo wangu, nikavirudisha, vikawa vimeinuka kuliko wenzake. Nikasema nitoe na jirani zake vilingane. Nikatoa. Navyo vikaonekana vimeinuka kuliko vile vilivyofuata. Mnaona inakokwenda. Jioni nilikuwa nimesimama kwenye bafu tupu, vigae vyote vimepangwa uani, na chini yake ndipo nikaona jambo lililonisikitisha: ile chokaa aliyoiweka marehemu ilikuwa imelala upande mmoja! Huku mlangoni iko juu, kule kwenye tundu la kutolea maji imeshuka kabisa. Nikamhurumia marehemu wa watu. Nikasema maskini, alikuwa dereva, angejuaje habari za sakafu, au labda ardhi imetitia, na mke wake miaka yote hii anaogea kwenye mlima hajui.

Basi nikamsahihisha. (Nikilitamka neno hili nasikia joto masikioni.) Nilibeba udongo wa kichuguu kwa karai, nikajaza kule kulikoshuka, nikakandamiza, nikasiriba, nikainua na ukingo wangu mzuri pande zote, hata pale penye tundu, nikasema utazuia panya. Nikapanga vigae juu yake, kimoja kimoja, kwa uzi wa kushonea ili mistari inyooke. Halafu nikaweka bakuli la maji katikati, nikainama kulitazama. Maji hayakuinama hata kidogo, huku wala kule. Nilikaa pale nimechuchumaa nikiliangalia lile bakuli, nikamwona Leokadia amesimama mlangoni anatabasamu na mtoto mgongoni, nikakaribia kulia kwa furaha.

Laiti ningelichukua lile bakuli nikalimwaga! Lakini sikutaka mguu wa mtu ukanyage sakafu ile kabla ya wageni wangu. Nikafunga mlango. Bi Zena akawa anaoga chumbani kwenye beseni na kutawadha barazani huku ananung'unika, na mimi nikawa napitisha watu waje wachungulie, wenye maduka, wateja wangu, wapita njia, nawaambia, "Siku ya soko mkwe wangu anakuja kuizindua." Walisifia kweli. Hakuna aliyeniuliza maji yatapita wapi, na mimi sikujiuliza.

Siku ya soko lori likafika, vumbi tupu. Kwanza akashuka Leokadia, amenenepa uso, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Nyuma yake akashuka mama mkwe. Na mtoto alikuwa mgongoni kwa nani? Kwa mama mkwe.

Hapo inabidi nieleze. Kwa desturi yetu ya wakati ule mkwe humkaribii. Humtazami usoni, humpi mkono, humsemeshi, ukiwa na neno unamwambia mke wako naye anamwambia mama yake, hata kama mama yake amesimama hapo hapo na masikio anayo. Unachuchumaa mbali, unapiga makofi taratibu ya heshima, macho chini. Basi nikachuchumaa, nikapiga makofi yangu, na mtoto wangu niliyemsubiri masika yote yuko pale, mgongoni kwa binadamu pekee duniani nisiyeruhusiwa kumsogelea. Nilichokiona kwa pembe ya jicho ni kisigino. Kisigino kimoja, kimechomoza kwenye kanga. Nikakitazama hicho.

"Hujambo, Baba Sesilia," Leokadia akaniambia kwa sauti ya chini, na ndiyo mara ya kwanza niliitwa hivyo na mtu.

"Sijambo," nikasema. Nilikuwa na maneno ya miezi yote ile, na hilo ndilo lililotoka.

Nyumbani nilikuwa nimeshachemsha maji, madebe mawili. Watu wakaanza kujisogeza uani kama bahati mbaya, mmoja anaomba moto, mwingine anaulizia suruali yake. Mama mkwe akamwambia Leokadia kwamba ataingia yeye mwenyewe, ataoga vumbi la safari na kumwogesha mtoto humo humo, ndivyo atakavyojua. Akaingia, bati likakwaruza kidogo kwenye vigae (sakafu ilikuwa imepanda, nilikuwa nimeliona hilo nikalipuuza), likafunga. Tukasikia maji yanamwagwa. Nikamtazama Bi Zena kwa majivuno. Mtoto akacheka mle ndani! Jamani, mtoto wangu alicheka, nikasikia sauti yake, na nikasema moyoni wamekaa, hawarudi tena Kate.

Halafu mama mkwe akaita, "Leokadia, maji hayaendi."

"Mama anasema maji hayaendi," Leokadia akaniambia.

"Mwambie ayangoje kidogo, yatakwenda."

"Anasema uyangoje, mama."

"Nimeyangoja. Yananifika kwenye vifundo vya miguu."

Na kweli, ukingo wangu ulikuwa mzuri mno, uliyazuia kama ule wa uwanjani ulivyozuia ulezi. Tundu lile liko kule nyuma ya ukingo linayatazama maji tu. Ndipo ikaanza harufu. Nilisiriba kwa mavi ya ng'ombe, sivyo? Sasa yamemwagiwa maji ya moto. Ikapanda ikatoka juu ya ukuta, harufu ya zizi asubuhi, ikatandaa uani, na yule wa kuomba moto akaziba pua. Udongo wa kichuguu nao ukikauka ni jiwe lakini ukilowa ni uji, na vigae vikaanza kutembea. Tulivisikia, vinagongana mle ndani kama sahani.

"Mwambie mama asogee ukutani!" nikapiga kelele.

"Mama, sogea ukutani!"

Akasogea. Tukasikia kigae kinateleza, kishindo kizito, maji yakaruka mpaka juu ya ukuta, halafu mama mkwe akapiga kelele ambayo nadhani kule Boma waliisikia. Mtoto akaanza kulia. Leokadia akasukuma mlango, mlango haufunguki, vigae viliserereka vikajibana nyuma ya bati. Akasukuma tena kwa bega, hola. Akanigeukia, na ule uso sijausahau, akasema, "Paskali, mwanangu yumo mle."

Mlango ule mwanamume hasukumi, mkwe yuko uchi. Kuchungulia juu ya ukuta ndiyo kabisa, afadhali ufe. Nikazunguka zunguka uani kama kuku. Bi Zena alikuwa ameshachukua mchi anagonga bawaba, wanawake wanamsaidia, na ndani mama mkwe anasema kwa sauti ya kutetemeka, "Mchukueni mtoto. Mchukueni mtoto kwanza, siwezi kuinuka naye." Halafu kwa kujikaza akainuka akiegemea ukuta, akanyoosha mikono, na juu ya ukuta, upande wangu, vikatokea vidole vilivyojaa tope, na kati ya vidole mtoto.

Ukuta mrefu. Nikapindua kinu cha Bi Zena, nikapanda juu yake, nikafumba macho. Nilifumba kwa nguvu zote, na watu wote wa uani wakiniona, nikanyoosha mikono nikipapasa hewani. Nikagusa mkono wa mama mkwe wangu. (Niligusa, ndiyo. Acheni.) Halafu nikagusa kitu kidogo, cha moto, chenye utelezi, kinachopiga mateke, kikaniangukia kifuani. Nikamshika. Nikashuka kwenye kinu kwa kupapasa na miguu, watu wanacheka mpaka wanajishika mbavu, na mimi bado nimefumba macho, nimesahau kwamba sasa naweza kuyafungua. Nilipofungua akawa ananitazama. Amejaa mavi ya ng'ombe mpaka kwenye nywele, na ameacha kulia.

Wanawake waling'oa bati, wakaingia, wakamtoa mama mkwe amefungwa kanga mbili za Bi Zena, wakampeleka chumbani kumsafisha. Leokadia akaenda nao. Kila mtu akawa na shughuli, na katika kelele zile hakuna aliyekuja kunichukua mtoto. Nikaenda naye kwenye kivuli, nikampangusa kwa kitambaa cha kanzu ya mteja, sikujali. Nikaleta vigauni vyangu vyote nikamjaribishia. Hakuna hata kimoja kilichomwenea, alikuwa ameshavipita vyote. Nikamfunga kwenye kile kitambaa cha mteja, akanishika kidole, akalala. Wale watu walikuwa bado wanacheka nyuma yangu na mimi nilitaka waendelee kucheka mpaka kesho, ili mtu yeyote asikumbuke kuja kunipokonya.

Mama mkwe akatoka. Desturi inataka ninyanyuke niondoke njiani, nigeuze uso kwingine. Sikunyanyuka. Mtoto alikuwa amelala, ningemwamsha. Akasimama pale akitutazama, kisha akamwambia Leokadia, polepole, ili nami nisikie:

"Mwambie mume wako, mtoto anajua kumshika. Sakafu hajui. Tunarudi."

Wakarudi na lori la asubuhi. Leokadia alilia, mimi nikajifanya nafunga mizigo. Akaninong'oneza, "Ungengoja tu fundi, Baba Sesilia, ningemwambia mama angoje nasi." Vile vigauni nilimpa, nikamwambia labda kuna mtoto wa ndugu vitamfaa.

Bi Zena hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliokota vigae kwenye tope, akaviosha kimoja kimoja, na kile kilichovunjika akakaa nacho mapajani akiunganisha vipande kwa vidole. "Marehemu alikuwa anasema maji ni kama gari bovu," akaniambia, "ukitaka liende, litafutie mteremko." Tukakaa wote wawili pale uani, kila mmoja akimkumbuka mtu wake.

Fundi alirudi kutoka Chala ile ile wiki waliyoondoka. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akapanga vigae kwa mteremko, na pale palipokosa kigae akaziba vizuri. Kila jioni nilikuwa namwaga debe la maji pale ili niyaone yanavyokimbilia kwenye tundu, yanakwisha, sakafu inabaki safi imekauka, na hakuna mtoto wa kumwogesha. Nilimtuma dereva akawaambie kule Kate kwamba sasa ni nzuri. Mama mkwe akajibu kwamba neno lake ni lile lile, mpaka mtoto atembee. Na sikumlaumu, maana mara ya kwanza pia niliwatangazia watu kwamba ni nzuri.

Kwa hiyo wenzangu, mimi tangu siku ile, ya fundi namwachia fundi. Akisema anakuja kesho namngoja kesho, asipokuja namngoja kesho kutwa, mke wangu akisema nyumba inavuja nasema weka ndoo. Watu husema nimekuwa mvivu uzeeni. Hawajui kwamba zile siku chache nilizokataa kumngoja fundi zilizaa miezi. Mwisho wa miezi hiyo, siku moja nilikuwa nimekaa barazani nashona, lori la Kate likapunguza mwendo mbele ya duka, dereva akatoa kichwa dirishani, amefurahi kweli, akaniita mbele ya watu: "Paskali! Mwanao jana ametembea! Nimemwona kwa macho yangu, hatua tatu, akamwangukia babu yake!"